Vyuma Vyangu Havina Kwao

Kumfungulia mlango mtu aliyepoteza ufunguo si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kutembea barabarani na vyuma vya kuufungulia. Mimi ni fundi wa vitasa na kufuli huku kwenye majani chai, Litein hadi Silibwet, Kapkatet hadi Sotik, na bado sijapata cha kuvibebea kisichonigeuza mtu mwingine machoni pa watu.

Vyuma vyenyewe ukiviona utavihurumia. Vingi nilivichonga mwenyewe kwa tupa. Chuma bora ni kile kipande chembamba kinachojificha ndani ya raba ya waipa ya gari: unakipinda, kinarudi. Mbavu za mwavuli zipo tele, maana Kericho mwavuli hauzeeki, mvua ya mawe huumaliza ungali mpya. Ila ni laini. Ukizisukuma kwenye kufuli kaidi zinakatikia humo humo, na mteja aliyekuita na shida moja anabaki na mbili. Kimoja cha kuinulia pini, kingine kilichopindwa cha kuikazia silinda kidogo kidogo, basi. Hakuna uchawi.

Wenzetu wa zamani waliheshimiwa kwa kazi hii. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Hobbs alikwenda London wakati wa yale Maonyesho Makuu, akaifungua kufuli ya Chubb kwa dakika 25, kisha akahangaika na ya Bramah kwa saa 51 zilizotapakaa katika siku 16. Alilipwa gini 200 na magazeti yakamwandika. Mimi nikifungua stoo ya mbolea kabla chai haijachemka, mwenye stoo ananuna: kazi fupi hivyo inawezaje kuwa shilingi mia tatu? Siku hizi nikishafungua huwa sisemi. Naendelea kuchokonoa hewa na kuguna mpaka bei ifanane na jasho.

Tuje kwenye vibebeo. Nilianza na mkebe wa jiometri wa wanafunzi. Kwa urefu ni kama ulitengenezwa kwa ajili yangu, na ukifungwa haupitishi tone. Ubaya ni kwamba nyumbani kuna mikebe mingine ya aina hiyo, na wenyewe wako gredi ya nane. Asubuhi moja mwalimu wa hisabati alinipigia simu, akaniuliza kwa adabu sana kama mtaala mpya umeongeza vifaa vya kuchorea duara. Mimi wakati huo nilikuwa Kapkatet, nimepiga magoti mbele ya mlango wa mama aliyefungiwa nje na unga wake, na mkononi nina bikari, kipimapembe na nusu andazi. Bikari, kwa taarifa yako, haifungui kitu. Andazi nililila.

Nikaenda kwa fundi viatu, akanishonea mkunjo wa ngozi wenye vijifuko, unaviringishwa na kufungwa kwa kamba. Kitu kizuri sana, kinanukia dukani. Kasoro ya kwanza ni ya hali ya hewa: ngozi hunywa unyevu, na huku mvua ya alasiri haihitaji mwaliko, kwa hiyo chuma kinalala kinang'aa na kuamka na kutu. Hiyo dawa yake ni mafuta ya cherehani. Kasoro ya pili haina dawa. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa, msimu wa tumdo, wavulana wa Kipsigis wanangojea kuingia jandoni. Nikaibuka kwenye boma moja karibu na Silibwet, koti refu, uso wa kazi, mkunjo wa ngozi kwapani. Wavulana waliokuwa wamekaa kwenye nyasi waliyeyuka ndani ya michai, sikuona hata kisigino. Babu yao akatoka amekunja uso, akaniambia nimekosea siku na nimekosea nyumba. Nilipomwambia nimekuja kwa ajili ya kufuli ya banda la ng'ombe, alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Basi kaa hapo hapo, ng'ombe nitakuletea mwenyewe."

Bonasi ya majani chai ya Oktoba iliyofuata (watu wakipata bonasi hununua kufuli mpya, wakipoteza funguo hunitafuta, nami napata yangu) nikaagiza kimkoba cha dukani kutoka Nairobi. Cheusi, kina zipu, ndani vyuma vimejipanga kwenye mipira, na kufuli ya plastiki angavu ya kufanyia mazoezi. Siku niliyokipokea, matatu niliyopanda ikasimamishwa na askari. Sasa, Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 308, haina utani na anayekutwa nje ya kwake na kifaa cha kuvunjia nyumba. Kule kuwa nacho tu kwaweza kuwa ushahidi dhidi yake. Zipu ikafunguliwa. Askari akakodoa macho. Kabla sijatoa barua ya chifu, mama aliyekaa karibu nami akachungulia, akashusha pumzi, na kusema, "Afadhali, daktari wa meno!" Askari akarudisha zipu na kunipigia saluti. Kutoka hapo mpaka Kaplong niliangalia magego ya abiria wanne. Nilimwambia kila mmoja apunguze sukari.

Kimkoba kile sasa kimekaa kabatini. Nilihamishia vyuma kwenye kopo la majani chai, na nilikuwa na hoja: majani yakitoka kiwandani hubaki na unyevu wa asilimia tatu hivi tu, na kiu yake ya maji ni kubwa, kwa hiyo huvuta unyevu kabla haujafika kwenye chuma. Kwa kutu, sijaona kinga kama hiyo. Kilichobaki ni suala la makopo kufanana. Jumapili mzee wa kanisa alitutembelea, mama watoto akateka majani kwa haraka, akachemsha na maziwa, na chujio letu lina tundu tangu mwaka juzi. Mzee alikunywa mpaka karibu na chini, akasita, akatoa mdomoni chuma chembamba chenye ncha iliyopinda. Alikigeuza kwenye mwanga, akakilaza pembeni mwa kisahani.

"Kijana," akauliza, "kiwanda chetu sasa kinachanganya na omena?"

Nikamwambia hapana, mzee. Akasogeza kikombe, akaomba kingine, ila akasema hiki atakichuja mwenyewe.