Mzunguko Mdogo Tu

Kericho, "hapo tu" si kipimo cha umbali. Ni maneno ya kumtia mtu moyo. Nilipomuuliza wifi yangu kuzunguka bwawa la Chagaik na miti yake ni mwendo gani, alinyoosha kidevu dirishani: "Hapo tu. Mzunguko mdogo. Lakini wifi, beba mwavuli."

Saa tano asubuhi, jua kali, mbingu haina wingu. Mimi mtu wa Mombasa nibebe mwavuli wa nini? Nikavaa raba zangu nyeupe, mpya, nikatoka.

Chagaik yenyewe siidai kitu. Miti ya kigeni na ya hapa imesimama pamoja kama wageni wa harusi, maji yametulia, mbega wanaruka na mikia yao myeupe. Nilizunguka, nikapiga picha, nikaanza kujiita mwanamichezo. Kilichoniponza ni njia ya mkato ya kurudi, kijia kilichokatiza shamba la chai.

Shamba la chai ukiliona kutoka barabarani ni zulia. Ukiingia ndani, umepotea ukiwa umesimama. Michai yote imenifika kiunoni, imekatwa sawasawa kama meza, na kila kijia ni pacha wa mwenzake. Mchai ukiachwa bila kupogolewa huwa mti mzima. Laiti wangeuacha mmoja, nikapata alama!

Nikawapita kina mama watatu wakichuma, vidole vinakwenda mbio: majani mawili na kichipukizi, kikapuni. "Chamgei!" "Chamgei mising!" nikajibu kwa madaha, maana Kikipsigis changu chote kimeishia hapo. Dakika ishirini baadaye, kina mama wale wale. Nikasalimu tena na kukaza mwendo, kama mtu aliyeamriwa na daktari. Mara ya tatu hawakuitikia. Walitazamana.

Saa nane mbingu ikafungana. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda vilima hivi mchana, ndiyo maana Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Hayo niliyasoma baadaye, nimeshakauka. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mtu juu ananitupia karanga za barafu utosini. Raba ya kushoto ikabaki kwenye tope. Mguu ukaendelea na safari.

Mama mmoja akanijia, akanifunga aproni ya nailoni kiunoni, akanirudishia raba yangu iliyokuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. "Mama, unatafuta nini humu?"

"Barabara."

Akanyoosha kidevu. "Hapo tu."

Nikakata tamaa. Kumbe safari hii ilikuwa hapo kweli, hatua arobaini nyuma ya miti.

Nilipofika mlangoni nikichuruzika, mtoto wa kaka yangu aliitazama aproni, akanitazama usoni.

"Shangazi, umepimiwa kilo ngapi?"