Jinsi ya Kuchukua Programu za Wenzako na Kubaki na Heshima

Umepewa kazi ya kutengeneza mfumo, mteja anautaka mwisho wa mwezi, na wewe hata jina la folda hujalipata. Tulia, ndugu yangu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imeshafanywa na watu usiowajua, nao wameiweka hadharani wakisema: anayetaka achukue. Kilichobaki ni kujua uchukue nini, kwa masharti gani, na uondoke vipi huku ukisifiwa. Sogea karibu.

1. Usiandike chochote. Anayeanza hupenda kuandika kila kitu kwa mkono wake ili aonekane mahiri, na miezi sita baadaye bado anahangaika na ukurasa wa nywila. Mahiri hutafuta kwanza. Umeambiwa utengeneze mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa? OpenMRS ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na msimbo wake uko wazi hadi leo. Unataka takwimu za afya za wilaya nzima? DHIS2, iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayobeba takwimu hizo Kenya na Tanzania. Unataka wananchi watume taarifa na zionekane kwenye ramani? Ushahidi ilizaliwa Kenya mapema 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kisha ikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. Unahitaji hifadhidata ndogo? Chukua SQLite, waandishi wake wameiachia iwe mali ya umma. Siku tatu za kutafuta na kujaribu zitakuokolea mwaka mzima, na hakuna mteja atakayekuuliza ni mistari mingapi uliyoitolea jasho.

2. Soma leseni. Hapa ndipo wachukuaji wengi huumbuka, na sababu ni uvivu wa dakika kumi.

Leseni ya MIT utaimaliza kabla chai haijapoa. Inataka ubakize tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe katika kila nakala, basi. Hata kuuza unaruhusiwa. GPL, ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1989, ina shingo ngumu zaidi: ukiwapa watu programu uliyoijenga juu ya msimbo wake, uwape na msimbo wako kwa masharti yaleyale. Sasa nikunong'oneze njia ya mkato iliyo halali kabisa. Ukiitumia ndani ya ofisi yako tu, bila kuisambaza, GPL haikudai utoe chochote. Ila usiichanganye na AGPL. Hiyo, ukiibadilisha programu na watu wakaitumia kupitia mtandao, nao wana haki ya kuupata msimbo ulioubadilisha.

Na ukikuta msimbo usio na leseni yoyote, uache hapo hapo ulipo. Kuwekwa hadharani si kuruhusiwa. Haki zote bado ni za aliyeuandika. Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange iilipe kampuni ndogo ya Entr'Ouvert zaidi ya euro 500,000 kwa kukiuka GPL. Orange wana wanasheria wa kutosha, na bado walilipishwa.

3. Jua ulichobeba. Machi 2016 mwandishi mmoja aliviondoa vifurushi vyake kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Kimojawapo, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, kazi yake kujazia nafasi mwanzoni mwa maneno. Miradi mikubwa, Babel ikiwamo, ikashindwa kujengeka. Kwa hiyo orodhesha vifurushi vyote unavyotumia, funga matoleo yake, weka nakala yako pembeni, na kazi ya mistari 11 iandike mwenyewe.

Orodha hiyo ya vifurushi ikuongoze pia katika kusoma habari. Kila wiki inatangazwa zana mpya inayodaiwa kuzizika zote zilizotangulia, iache ipite. Fuata matangazo ya usalama na orodha za mabadiliko za vile ulivyobeba tu. Log4Shell, udhaifu wa kiusalama katika kifurushi cha Log4j, ulipotangazwa Desemba 2021, mwenye orodha aliweza kujua siku hiyohiyo kifurushi hicho kimejificha wapi kwenye mifumo yake. Asiye nayo alianza kupekua seva moja baada ya nyingine.

4. Tafuta jina. Unataka jina lako lionekane, usione haya, kila mtu anataka. Kuna njia mbovu. Mwaka 2020 tamasha la Hacktoberfest liliahidi fulana kwa washiriki ambao wangetuma mabadiliko manne kwenye miradi huria, na watu wakaifurika miradi hiyo kwa kuongeza neno moja tu la kujipendekeza kwenye README. Watunzaji walilemewa hadi waandaaji wakabadilisha kanuni Oktoba ileile. Siku hizi kuna njia mbovu zaidi: kuiambia akili mnemba itunge ripoti ya udhaifu wa kiusalama ambao haupo. Daniel Stenberg, mwanzilishi wa programu huria ya curl, amekuwa akilalamika hadharani juu ya ripoti za namna hiyo tangu 2024, kwa kuwa kila moja inakula muda wa mtu wa kuikanusha.

Njia nzuri ni rahisi kuliko zote mbili. Sakinisha programu ukifuata maelekezo yake neno kwa neno, kwenye kompyuta yako yenye RAM ndogo na bando linaloelekea kuisha. Kila unapokwama, andika. Mtunzaji mwenyewe hawezi kuifanya kazi hiyo, maana alishasahau zamani mgeni hukwama wapi. Sahihisha maelekezo, yatume. Au chukua hitilafu iliyoripotiwa ikaachwa, izalishe upya kwenye mashine yako, na uandike hatua zilizokufikisha hapo. Au tafsiri: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na programu nyingi bado zinamngoja mtu wa kuzifanyia hivyo. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi jina na tarehe ya kila mchango. Ukitengeneza sentensi moja ya maelekezo, jina lako linakaa katika historia ileile yenye jina la mwanzilishi wa mradi.

5. Kataliwa vizuri. Mchango wako wa kwanza huenda ukarudishwa. Shukuru, rekebisha, tuma tena. Usimwandikie mtunzaji kila asubuhi kuuliza mbona kimya. Watunzaji wengi huifanya kazi hii usiku, baada ya ile inayowalisha.

6. Lipa. Kifurushi cha xz, kinachobana mafaili karibu katika kila mfumo wa Linux, kilishikiliwa kwa miaka mingi na mtu mmoja, Lasse Collin, aliyesema wazi kwamba uwezo wake wa kukihudumia umepungua. Akaunti zisizojulikana zikamshinikiza aongeze mtu. Aliyejitokeza kusaidia akijiita Jia Tan alifanya kazi kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliubaini kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde. Miaka yote hiyo kampuni kubwa kwa ndogo zilikuwa zikikichukua kifurushi hicho bure, na siku Collin alipohitaji mkono, aliyejitokeza kwa bidii alikuwa mvamizi.

Basi fungua orodha yako ya vifurushi leo. Tafuta kimoja kinachoshikiliwa na mtu mmoja, umpe saa mbili za kila wiki. Na mteja akikulipa, mtengee mtunzaji huyo fungu lake, kwa sababu kazi uliyolipwa ni yake pia.