Namna ya Kumuuliza Muuza Gari Swali Asilolitarajia

Kabla ya kuuliza bei, kabla ya kupiga teke tairi na kufungua boneti kwa ujuzi usiokuwa nao, uliza hivi: "Eabegi ya gari hili imewahi kuitwa irudi ibadilishwe? Ilibadilishwa?" Muuzaji atakujibu kwamba gari ni jipya, halijatembea nchini. Mwambie hukuuliza hilo. Gari la mwaka 2005 haliwi jipya kwa kupanda meli.

Akicheka, mwache acheke. Wewe unaishi Ifakara, na hapa swali hili lina uzito zaidi kuliko Tokyo.

Mkulima yeyote wa mpunga, kuanzia Mang'ula hadi Mlimba, ataielewa sababu upesi. Mfuko wa mbolea ya CAN ukiachwa wazi stoo wakati wa masika, unaukuta umelowa na kushikana mabonge. Ndani ya mbolea hiyo mna amonia naitreti, chumvi inayokunywa unyevu wa hewani. Kampuni ya Takata ya Japani iliitumia amonia naitreti hiyohiyo kama baruti ya kujazia mifuko ya hewa ya magari, yaani eabegi, na vifaa vingi ilivyotengeneza havikuwekewa kikausha unyevu. Joto la mchana, ubaridi wa usiku na unyevunyevu vikirudiarudia kwa miaka, vidonge vya baruti huharibika. Siku ya ajali vinaungua kwa kasi iliyopita kiasi, kikopo cha chuma kinapasuka, na vipande vyake vinaruka kuelekea usoni na shingoni mwa mtu ambaye kifaa hicho kiliwekwa kumwokoa. Ajali ndogo tu inatosha.

Ndiyo maana majimbo ya Marekani yenye joto na unyevu, kama Florida, yaliwekwa mbele katika matengenezo. Ndiyo maana Malaysia imezika watu, na vifo vingi vya Ufaransa vimetokea katika maeneo yake ya ng'ambo yenye joto. Sasa litazame bonde letu: Udzungwa upande mmoja, mto na mashamba ya maji upande wa pili, shati linakulowa saa tatu asubuhi. Gari linaloegeshwa juani hapa mwaka baada ya mwaka linapitia kila kitu ambacho baruti ile haikipendi.

Nchini Marekani pekee zimeitwa eabegi za Takata zipatazo milioni 67, na vifo vilivyothibitishwa huko vimefika 28. Januari 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu, baada ya kuwaficha watengenezaji wa magari matokeo halisi ya majaribio, ikakubali kulipa dola bilioni 1. Juni mwaka huohuo ikafilisika. Baadhi ya matoleo ya Corolla, Vitz, RAV4, X-Trail na Honda Fit yamo katika orodha ya wito, na majina hayo unayaona kila siku ukisimama stendi.

Sasa fungua kadi ya gari, nakili namba ya chesisi. Hiyo ndiyo silaha yako. Kampuni za Japani zina kurasa za kutafutia kwa namba hiyo. Zimeandikwa Kijapani, lakini kijana yeyote mwenye simu atakutafsiria. Kisha mpigie wakala wa kampuni hiyo nchini, mtajie namba, omba jibu kwa maandishi. Barua ya wito ilitumwa kwa aliyesajiliwa kuwa mmiliki Japani, bwana ambaye aliliuza gari zamani na hajui Ifakara iko wapi. Wewe hutaletewa barua. Wakala akisema gari hilo hakuliuza yeye, mwambie aliandike hilo pia.

Usiende kulimaliza jambo hili kwa fundi wa chini ya mwembe. Taa ya eabegi ikiwaka kwenye dashibodi, yupo fundi atakayekuambia, "Bosi, hiyo isikusumbue, naizima." Na kweli ataizima taa. Ugonjwa ataubakiza. Mwingine atakuletea usukani mzima wa mtumba uliong'olewa kwenye gari lililogongwa, na huenda ndani yake mna kikopo kilekile cha Takata chenye umri mkubwa kuliko cha kwako. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilionya kuhusu vifaa vya kujazia vya bei rahisi vinavyofungwa baada ya ajali, kwa kuwa vilikuwa vimeshaua. Fundi, nakuheshimu, breki na gia ni zako. Hapa niachie.

Wakati unasubiri jibu la wakala, sogeza kiti nyuma mpaka kifua kiwe mbali na usukani kwa sentimita 25 au zaidi. Funga mkanda. Ondoa maua ya plastiki na boksi la tishu juu ya mfuniko wa eabegi ya abiria, maana mfuko ukifumuka ndivyo vitakavyotangulia usoni. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele, hata kama ni kutoka Ifakara mjini hadi darajani tu, hata kama bibi yake amesisitiza. Mheshimu bibi kwa mengine.

Halafu lalamika, na ulalamike kwa karatasi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaipa Tume ya Ushindani uwezo wa kushughulikia bidhaa za hatari, zikiwemo amri za kuzirudisha. Andika aina ya gari, mwaka, namba ya chesisi, jibu la wakala. Lalamiko la mtu mmoja ni rahisi kulisahau, kwa hiyo watafute wenzako wenye gari kama lako, muandike pamoja.

Na kwa TBS, shirika letu la viwango, ninayo haya, kwa heshima. Gari la mtumba linapokaguliwa, namba ya chesisi ilinganishwe na orodha za watengenezaji, na jibu liandikwe kwenye cheti ambacho mnunuzi anakishika mkononi: limeitwa, halikuitwa, limetengenezwa, bado. Gari lenye "bado" kwenye eabegi lisikabidhiwe kwa mtu kabla halijabadilishiwa.