Ritifaa Marufuku

Hapa Mohoro, Rufiji, anayetaka kuomba kazi au mkopo wa chuo mtandaoni huja steshenari kwangu, kwa kuwa nina kompyuta, printa na uvumilivu. Viwili vya mwanzo hutegemea umeme.

Juzi akaingia kijana wa Kisukuma. Wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengine walishuka na mifugo yao hadi Rufiji, kwa hiyo majina kama Ng'wandu na Ng'wanakilala tumeshayazoea. Fomu haijayazoea. Nilipoandika la kwake, yakatoka maandishi mekundu: "Jina liwe na herufi tu."

"Sasa kaka, hapo nimeandikiwa nini kisicho herufi?"

Ni ritifaa, ile alama inayofuata Ng. Watengeneza programu wanaiogopa kwa sababu katika lugha ya SQL ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Mdukuzi akiipenyeza kwenye nafasi ya jina, anaweza kuiamuru hifadhidata itapike siri zote. Dawa yake ya kutenganisha amri na maandishi ya mteja inajulikana miaka mingi, ila kumkataza Msukuma ni rahisi zaidi. Waayalandi akina O'Brien nao wanalia hivyohivyo. Wajerumani waliokuwa na boma hapa Mohoro, walikomnyonga Kinjikitile wa Maji Maji mwaka 1905, sidhani kama waliyapatia majina ya wazee wetu, lakini angalau wino wao haukugoma.

Tukaitoa ritifaa. Fomu ikalinganisha na kitambulisho cha taifa, ikajibu: "Majina hayafanani." Hapo ndipo mtu huenda kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye.

Namba ya kitambulisho nayo ilikuwa imeshatusumbua kabla: ina tarakimu 20, na kwenye kadi imechapwa na vistari. Niliinakili ilivyo, nikaambiwa nimezidisha. Simu ikakataliwa kwa alama ya kujumlisha iliyo mbele ya 255. Anwani, "nyuma ya msikiti, Mohoro", ikakwama kwenye mkato.

Kisha ikafika zamu ya nenosiri: "Lazima liwe na alama maalumu."

Kijana akacheka mpaka waliokuwa kwenye foleni wakasogea kuona. Akanivuta kando, akajaza mwenyewe jina lake la ukoo, na ritifaa yake, na mwaka wa kuzaliwa nyuma yake. Likapita bila swali.

"Nitolee nakala ya hapo, nikamwonyeshe mzee tumeandikwa sawasawa."

Printa ikatoa mstari wa vidoto vyeusi. Akalipa, akavitazama, akauliza kama nina printa ya rangi.