Namna ya Kuunganisha Simu na Mkweche wa Kiswidi

Mwongozo huu ni wa Mswahili wa Stockholm aliyenunua gari kuukuu, akashangaa muuzaji hakubishana bei, na sasa anataka muziki wa simu yake utoke kwenye spika za gari hilo. Usome ukiwa nyumbani. Ukishaingia garini hutakuwa na utulivu wa kusoma.

Tuanze na sheria. Tangu tarehe 1 Februari 2018, dereva nchini Uswidi haruhusiwi kushika simu mkononi akiwa anaendesha. Mkononi, ndivyo inavyosema. Kina mama wa kwetu, wanaochomeka simu ndani ya mtandio na kuongea kutoka Kariakoo hadi Mbagala huku mikono yote miwili iko kwenye usukani, walishalimaliza suala hili zamani. Bluetooth ni ya sisi tusiovaa mtandio.

Sasa tafuta pa kuegesha. Magari mengi ya zamani hayakubali kuoanishwa na simu yakiwa yanatembea, kwa hiyo usijaribu ukiwa Essingeleden, na sitaki kusikia kwamba foleni ilikuwa imesimama. Ukipata nafasi, kumbuka kwamba jiji la Stockholm haliruhusu gari lililoegeshwa liungurume zaidi ya dakika 1. Zima injini, zungusha ufunguo nusu, redio iwake. Kuanzia hapo unashindana na betri. Januari, baridi ikiwa chini ya sifuri, betri ya mkweche haina subira. Vaa glavu. Kisha zivue, maana skrini ya simu haizitambui.

Menyu iko kwa Kiswidi. Tafuta Lägg till telefon, bonyeza, gari litaandika Söker na kuanza kutafuta. Au halitaanza. Kuna magari yanayotafuta simu, na kuna magari yanayosubiri yatafutwe. Likiwa linasubiri na simu nayo inasubiri, mtakesha. Kitabu cha gari kinaeleza vizuri, ila kilibaki kwa mwenye gari wa kwanza. Upande wa simu, fungua mipangilio, ingia kwenye ukurasa wa Bluetooth na ubaki hapo hapo. Simu nyingi huonekana na vifaa vingine ukurasa ule ukiwa wazi tu. Ukitoka kidogo kuchungulia WhatsApp, umeshatoweka. Gari litaorodhesha hedifoni za mpita njia, televisheni ya ghorofa ya kwanza na saa ya mtu anayekimbia mbio zake za asubuhi. Simu yako itakuja mwisho, ikijisikia.

Likiiona litadai namba ya siri. Jaribu 0000. Likikataa, jaribu 1234. Simu yako imezoea utaratibu uliokuja mwaka 2007, ambapo pande zote mbili zinaonyesha tarakimu 6 nawe unakubali tu. Gari lililobuniwa kabla ya hapo linataka namba yake na halitaki maelezo.

Likigoma hata baada ya namba sahihi, chungulia orodha ya simu linazozikumbuka. Imejaa. Utakuta Nokia, utakuta Sony Ericsson, utakuta simu iliyoandikwa Mormor, yaani bibi mzaa mama wa mtu usiyemjua. Gari limewahifadhi wote hao na halina nafasi yako. Wafute. Najua inauma kumfuta bibi wa watu, lakini huenda mwenyewe ameshahamia gari la umeme.

Ukikata tamaa hapa, ujue kwamba uko karibu na chimbuko. Teknolojia hii ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson, ambayo makao yake makuu yako Kista, unashuka tu kwenye treni ya njia ya buluu. Kazi yenyewe ilifanyika Lund, kusini mwa nchi, na wahandisi wake wakuu walikuwa Mholanzi Jaap Haartsen na Mswidi Sven Mattisson. Jina lilitokana na mfalme wa karne ya 10, Harald Blåtand, anayesifiwa kwa kuunganisha Denmark na Norway. Yeye alikuwa na jeshi.

Hatimaye litaandika Ansluten, na simu itauliza kama gari liruhusiwe kuchukua majina uliyoyahifadhi. Usikubali kabla hujayapitia. Mswahili haandiki majina ya watu simuni, anaandika hukumu: Dalali Mwongo, Anadai Laki, USIPOKEE. Haya yote yatatokea kwenye dashibodi kwa herufi kubwa. Mfanyakazi mwenzako Mswidi hataelewa kitu. Shida ni siku utakayompa lifti Mtanzania mwenzako, simu yake ijipigie mfukoni, na nyote wawili msome USIPOKEE 2.

Sasa washa muziki. Utasikika kwenye simu, gari likiwa kimya. Halijaharibika. Bluetooth ni mapatano mengi chini ya jina moja: kuna ya kupiga simu na kuna mengine ya kupeleka muziki, na magari mengi ya miaka ya 2000 yalifundishwa yale ya kwanza peke yake. Zipo programu za kulidanganya gari kwamba wimbo ni simu inayoingia. Linadanganyika. Lakini njia hiyo ya zamani hupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, basi. Ukipitisha humo taarabu ya Culture Musical Club ya Zanzibar, besi inaachwa mlangoni, ganuni na fidla zinaingia nusu nusu, na mwimbaji anasikika kama anayepiga simu kutoka kituo cha polisi kuomba dhamana.

Waya wa AUX ungemaliza yote, kama tundu lake lipo. Kama halipo, nunua kile kidude cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara, kinachopokea muziki kwa Bluetooth na kuurusha kwa FM. Epuka 92.4 ya P1, 96.2 ya P2, 99.3 ya P3 na 103.3 ya P4. Katikati yake ugombane na redio za matangazo ya biashara. Wala usidhani Dar ungepona. Kule gari linatoka Japani na redio inayoishia megahezi 90, pamoja na dada wa Kijapani anayekukumbusha kila asubuhi kwamba hujachomeka kadi ya kulipia barabara.

La mwisho ni umbali. Mawimbi haya hufika mita 10 hivi, na simu ya mkeo nayo imeoanishwa. Asubuhi moja utakuwa chini ya dirisha la jikoni unakwangua barafu, utaingia na kuwasha redio, na maongezi yake na dada yake yatahamia garini. Mkeo kule juu anasema haloo, haloo, hasikii kitu. Wewe unamsikia shemeji, safi kabisa, spika zote: “Na yule mumeo, bado anahangaika na lile gari?” Usijibu. Kipaza sauti kiko hapo juu ya kioo, na sasa anayesikika ni wewe. Adabu inataka uzime redio. Ukiamua kubaki, bana kikohozi.