Sikinde Juu ya Msondo, Kwaya Juu ya Wote

Kaseti zangu zimejaa boksi moja la biskuti, na maandishi ya juu hayana udugu wowote na kilichomo ndani. Ile iliyoandikwa "Marijani, USIFUTE" ina harusi, na nyumbani hakuna anayekumbuka nani alikuwa akioa. Mwezi uliopita nilipata fundi wa kuibadilishia belti redio kaseti yangu. Kijana wa watu aliigeuzageuza akasema, "Mzee, shikamoo, lakini hiki kitu kimenizidi umri." Nikaanza kusikiliza boksi zima, moja baada ya nyingine, mke wangu akahamia uani.

Vijana wanadhani tulikuwa tunanunua muziki. Tununue wapi? Santuri zilitoka Nairobi, na mwaka 1977 mpaka ukafungwa. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo wimbo ulikuwa mali ya hewani, ukipigwa uwahi. Redio ya mzee haikuwa na sehemu ya kaseti. Tuliazima tepurekoda ya jirani, tukaiweka mbele ya spika, halafu mmoja wetu akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja huku wengine wamekatazwa kukohoa. Ndiyo maana sina wimbo hata mmoja wenye kichwa. Katika nyimbo zangu zote mwimbaji keshaachwa, analia, na sababu sizijui hadi leo. Mkia nao hauna heri, maana magitaa yakianza kuchemka anaingia mtangazaji na salamu za wasikilizaji.

Halafu kuna suala la betri. Zikichoka tulizianika juani, kisha tukarekodi nazo hivyohivyo zinavyojikongoja. Ukirekodi utepe ukienda polepole, ukaja kuupiga kwa mwendo wake halali, kila kitu kinakimbia. Mbaraka Mwinshehe, Mungu amrehemu, aliyefariki kwa ajali mwaka 1979, na sauti yake yote ya kiume, kwenye kaseti yangu anaimba kama mtoto wa chekechea anayewahi uji.

Kaseti moja inastahili kuwekwa makumbusho. Kaka yangu alikuwa shabiki wa bendi ya Msondo, damu kabisa. Baba mdogo, tangu Mlimani Park ianzishwe mwaka 1978, alikuwa wa bendi hiyo, yaani Sikinde, hadi kwenye mifupa. Kaseti tupu zilikuwa adimu kama sabuni, na hawa wawili walikuwa na moja. Kaka anarekodi Msondo. Baba mdogo anafuta, anaweka Sikinde. Kaka anarudisha Msondo, safari hii anavunja kile kipande cha plastiki mgongoni ili isirekodike tena. Baba mdogo anaziba tundu kwa karatasi iliyotafunwa. Nimeisikiliza yote: Sikinde dakika chache, Msondo kidogo, Sikinde tena, kama mpira wa penalti. Kisha, bila hodi, inaingia kwaya ya kanisani ya shangazi na kuimba hadi mwisho wa upande. Shangazi hakuwahi kusema neno katika ugomvi ule.

Mjukuu naye alichangia, akauvuta nje utepe wa kaseti moja. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa karibu mita 90. Sikuusoma urefu huo mahali, niliuona wenyewe kwa macho, kutoka kochi hadi jikoni, ukizunguka miguu ya meza na kuku mmoja. Niliurudisha kwa kalamu ya Bic, jioni nzima. Sasa upande ule Marijani Rajab anaimba kinyumenyume, pengine kwa kuwa utepe ulijikunja njiani, na kusema kweli gitaa halijaharibika sana.

Mwanangu aliona nateseka akaniwekea nyimbo zilezile kwenye simu, safi, zenye vichwa na mikia. Nikazisikiliza kwa heshima. Tatizo ni kwamba mimi nilizikariri pamoja na kelele zote za nyumbani kwetu. Juzi bendi ilikuwa inapiga zilipendwa baa moja, ukumbi umejaa, wazee tumesimama tunaimba kwa pamoja. Ikafika ile sehemu waimbaji wanapovuta pumzi. Wenzangu wote wakavuta pumzi. Mimi nikapaza sauti, "Nani kaacha mlango wazi, kuku wanamaliza mchele!" Ni mama, kwenye kaseti yangu yuko palepale, kila mara. Mwenzangu wa meza ya jirani aligeuka kutazama mlango.

Nimempelekea yule fundi boksi lote azihamishie kwenye flashi. Jana kanipigia simu. "Mzee, kazi inakwenda vizuri. Kelele naweza kuzisafisha kwa kompyuta. Kuna mama anagomba na kuna jogoo. Nianze kumfuta yupi?"

Nikamwambia akigusa mmojawapo hela yake haioni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama na shangazi abaki.

Huyo nikamwambia asubiri, nitazungumza kwanza na baba mdogo.