Jua la Kupaka kwa Brashi: Barua kutoka Nottingham

Ndugu zangu wa Mwenge na Sinza,

Huku tuko katika majira ambayo jua huchomoza likiwa limeshachoka, na saa kumi jioni taa za barabarani zinawaka. Kila mara mnaniuliza Ulaya kuna jipya gani. Jipya ni upanga. Nchi hii ina sheria ya mwaka 1988 inayomkataza mtu kutembea hadharani na kitu chenye makali bila sababu ya maana. Aliyesamehewa ni mwenye kijisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3. Nchi hiyohiyo ndiyo iliyozaa mashindano ya Golden Demon, yaliyoanzishwa mwaka 1987 na kampuni ya Games Workshop, yenye makao makuu hapahapa Nottingham, na mshindi wa washindi hukabidhiwa upanga. Si picha ya upanga wala beji yenye upanga, upanga wenyewe, na unaitwa Slayer Sword. Aliyeupata hakulinda mpaka wala hakuua simba. Amepaka rangi vitu vidogo vizuri kuliko wenzake. Jaribuni kumweleza askari wa zamu pale kituo cha treni kwamba mmepewa silaha kwa ajili ya kope za zimwi.

Nakusudia kuutetea upanga huo. Mtacheka, na mimi niliyeaga nikitamba kwamba nakwenda kusoma mambo makubwa sina uso wa kuwazuia, maana barua hii nzima inahusu watu wenye kimo cha milimita 32. Ndicho kimo cha kawaida cha sanamu hizi za plastiki na rezini: mashujaa, majoka, maiti waliofufuka, vibwengo wenye masikio marefu. Mwenye kupenda hupaka sanamu moja na kuridhika. Mwenye wazimu kamili huingia kwenye kundi la diorama, ambako hutakiwa kuonyesha tukio zima, kwa mfano daraja linalobomoka, jeshi linalokimbia na joka linaloingia dirishani, vyote juu ya kitako kisichozidi sana sahani ya wali. Mtasema ni mchezo wa watoto. Hilo lilishasemwa zamani: H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya, alichapisha kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913, na heshima yake haikupungua. Tuliache. Pingamizi lenye nguvu ni jingine, na nimelisikia kwa Waingereza wenyewe: kama kitu ni cha kubuni, nani atasema umekosea? Joka halina picha ya pasipoti. Lipake bluu, lipake zambarau, jaji atakujibu nini? Hoja yangu ni kwamba mambo yako kinyume. Kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha uongo, ndivyo aliyekitengeneza anavyobanwa na kanuni, na ubano huo ndio unaomstahilisha upanga.

Tuanze na mtu aliyetengeneza ukweli. Luteni William Siborne wa jeshi la Uingereza alipewa kazi mwaka 1830 ya kutengeneza mfano wa vita ya Waterloo. Alikaa miezi 8 karibu na uwanja wa mapigano akipima ardhi, akawaandikia barua maofisa waliopigana kuwauliza kila mmoja alisimama wapi, na mwaka 1838 mfano wake ukaonyeshwa London ukiwa na askari wa bati zaidi ya 70,000. Bado upo, katika National Army Museum. Thawabu yake ilikuwa madeni na ugomvi. Jemadari Wellington wa Uingereza na watu wake hawakupendezwa na jinsi Waprusi, washirika wao, walivyoonekana wengi na karibu mno saa moja ya jioni, kwa maana kwamba ushindi ulianza kufanana na wa shirika. Siborne alipimwa kwa mashahidi, na mashahidi hubishana, husahau, na wengine hulinda vyeo vyao. Mpaka rangi wa joka hana shahidi, lakini msimwonee wivu. Siborne akiulizwa kwa nini farasi huyu yuko hapa, hujibu kwamba fulani aliniandikia hivyo. Mpaka rangi wa joka akiulizwa kwa nini bega hili linang'aa, hana wa kumsingizia. Lazima jibu liwe limo ndani ya kazi yenyewe: taa iko wapi, upepo unatoka wapi, maji yalichuruzika kuelekea wapi kabla ya kuacha kutu.

Hapo ndipo linapoingia jua, na naomba mnivumilie kwa sababu hili limenikaa rohoni. Sanamu ya ukubwa wa kidole gumba haipati kivuli cha kutosha kutoka kwa nuru ya kweli. Mkunjo wa nguo ya mtu mzima unameza mwanga na kutoa giza. Mkunjo uleule ukishakuwa wa nusu milimita, taa ya chumbani huupita bila kuuona, na sanamu huonekana bapa. Kwa hiyo kivuli hupakwa. Jua pia hupakwa. Fundi huanza kwa kuipulizia sanamu yote rangi nyeusi ya msingi, kisha huipulizia nyeupe kutoka juu tu, pale ambapo jua la saa sita lingekuwa. Kwa dakika chache sanamu huonekana imesimama uwanjani Dar es Salaam mwezi wa kwanza, utosi unawaka na miguu iko gizani. Ndugu zangu, hawa watu wanalipia jua kwa chupa! Wanalipanga, wanalichagulia upande, wanaligombania kwenye meza za majaji, nanyi huko mnalikimbilia chini ya mwembe. Wala si jambo geni. Diorama ya kwanza kabisa, ile ya Daguerre na Bouton waliyoifungua Paris mwaka 1822, haikuwa na sanamu wala joka. Ilikuwa ukumbi wenye picha kubwa mno zilizochorwa kwenye kitambaa, na madirisha na vifuniko vikichezeshwa ili mandhari igeuke kutoka mchana kuwa usiku mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Walichouziwa ni nuru, na vilima na makanisa vilikuwa kisingizio.

Ukishakubali kwamba biashara ni nuru, kanuni zinazobaki zinajitokeza zenyewe, tena ni kali. Chukueni mwenge mkononi mwa kibwengo. Mwali wake wa machungwa lazima uguse kidevu, kiganja na ukingo wa ngao, lakini usimfikie mwenzake aliyegeuka. Lazima ufifie kadiri unavyokwenda mbali. Na hakuna kitu kinachomulikwa na mwenge kinachoruhusiwa kung'aa kuliko mwenge wenyewe. Wengi huangukia hapo. Hupaka mwanga mzuri juu ya uso wa shujaa, kisha moto wenyewe unabaki hafifu, na jaji anasogea meza ya pili. Au chukueni dhahabu. Duka lina rangi ya dhahabu yenye vumbi la kumetameta, na mtu mwenye akili angeinunua. Mafundi wakubwa wengi huikwepa. Huijenga dhahabu kwa kahawia, njano na tone la nyeupe, kwa sababu rangi ya kumetameta hubadilika kila mtazamaji anaposogea, nao hawataki mtazamaji awe na mamlaka juu ya mmeto. Panga la kubuni, la chuma cha kubuni, lina mmeto uliowekwa mahali pamoja na mtu aliyekaa kuhesabu mbingu iko upande gani wa makali. Kama huo ni uhuru wa kupaka utakavyo, basi foleni ya Ubungo nayo ni uhuru wa kwenda.

Kuhusu vifaa, ninyi mnaijua kompresa: inakaa kando ya barabara kwa fundi pancha, inanguruma, inajaza upepo, na mwenye nayo ni mtu wa kutegemewa mtaani. Huku inakaa chumba cha kulala. Ni ndogo, imenunuliwa kwa sifa ya kutopiga kelele, na imeunganishwa na kibomba chenye tundu la milimita 0.2 au 0.3 kinachopuliza rangi kwa presha iliyo chini ya ile ya tairi la gari dogo. Mwenyewe huvaa barakoa, hufungua dirisha huku nje baridi inauma, huweka feni ya kuvuta hewa chafu, kisha anapulizia shavu la zimwi kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Halafu huanza kuosha. Kuosha ndiyo kazi yenyewe. Kibomba hufunguliwa vipande vipande, sindano ikafutwa kwa heshima ya vyombo vya hospitali, na rangi ikikaukia ndani, Jumapili yote imekwisha. Baada ya mashine hiyo yote, sehemu zinazoshinda mashindano hupakwa kwa mkono, na brashi inayosifiwa kuliko zote imetengenezwa kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia. Kampuni ya Winsor & Newton husimulia kwamba mwaka 1866 Malkia Victoria aliagiza brashi bora kabisa, naye alipenda saizi namba 7, ndiyo sababu aina hiyo inaitwa Series 7 hadi leo. Malkia alipaka rangi za maji akitazama vilima. Raia wake wanapaka jicho la kibwengo, na pingamizi la kweli hapa ni la kicheche.

Mipango ndiyo inayowashinda wengi, zaidi ya mkono. Mmarekani Shep Paine, bingwa wa fani hii, aliandika kitabu kizima kuhusu ujenzi wa diorama mwaka 1980, na msimamo wake ni kwamba hadithi hutangulia. Mtazamaji anatakiwa ajue kinachotokea bila kusomewa maelezo. Kwa hiyo kabla ya gundi huja karatasi: dakika ipi ya tukio? Daraja kabla ya kuvunjika lina hofu, likishavunjika lina vifusi tu. Jicho liingie wapi, lipitie mkuki upi, lifike kwa nani? Sanamu hupangwa bila gundi, hupigwa picha isiyo na rangi ili kuona kama weupe na weusi vinatosha kusimulia, na zile zinazoziba njia huondolewa hata kama zimegharimu. Ninyi mliokulia hadithi za jioni hamhitaji kufundishwa hili. Zimwi wetu hali watu ovyo. Hutoa sharti kwanza, msichana hulivunja, ndipo likatokea la kutokea. Zimwi asiye na sharti hamtishi hata mtoto wa miaka mitatu.

Sasa mzee wa vinyago wa Mwenge atasimama na pingamizi zito kuliko yote, na ana haki. Atasema: Edward Saidi Tingatinga alipaka chui na mashetani kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao, viumbe vyake havina kivuli hata kimoja, na dunia ilivinunua. Wamakonde nao, tangu vinyago vya shetani vilipoanza miaka ya 1950, na Samaki Likankoa ndiye hutajwa kuwa mwanzilishi, wanachonga jini mwenye jicho moja na mguu wa tatu na hawagusi rangi kabisa. Iko wapi kanuni yako ya nuru? Najibu kwamba ipo, ila wao wana jua. Kinyago cha mpingo ni kikubwa kiasi cha kushika kivuli chake, kimesuguliwa hadi kikang'aa, na mchana wa Mwenge hukikamilisha bila malipo. Ukikihamishia Nottingham mwezi wa kumi na mbili, kinakuwa gogo jeusi kwenye kona nyeusi. Tingatinga naye alichora ubao wa kutundikwa, usiozungukwa, na ukali wake uko kwenye mstari na madoa. Jaribuni kumwondolea chui wake mstari mmoja muone. Kuhusu hukumu ya kutengeneza sura za viumbe, hilo namwachia sheikh. Na kuhusu fedha zinazoishia kwenye plastiki wakati shule zina upungufu wa madawati, sina utetezi, ila nitawakumbusha bei ya jezi mlizonunua msimu huu.

Lawama yangu kwa Golden Demon ni moja. Sanamu inayoingia lazima iwe imetoka kwa kampuni yenyewe, na hapo kanuni si ya sanaa tena, ni ya duka. Kwa mchonga shetani wa Mwenge mlango huo umefungwa. Lakini yapo maonyesho ya wazi Ulaya na Marekani yanayofuata mfumo waliousimamia Paine na wenzake wa Chicago: kazi hupimwa kwa kiwango, si kwa jirani, na wanaostahili dhahabu wote hupewa. Basi mwambieni yule kijana wa banda la tatu, anayechonga majini madogo ya kuning'iniza kwenye funguo, achonge matano yanayogombania kitu kimoja, ayapange juu ya kitako kisichozidi sahani, na aniletee kupitia yeyote atakayepanda ndege. Fomu nitamjazia mimi. Asiyapake rangi, taa nitaitafuta huku.